Kiuno Hufungiwa, Mkataba Haufunguliwi

Mwanzoni mwa Machi 2024, Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni Zanzibar lilimfungia mwimbaji Zuchu asifanye kazi ya sanaa visiwani humo kwa miezi sita. Kosa lilikuwa shoo aliyoipiga Kendwa, kaskazini mwa Unguja, siku chache kabla. Baraza lilisema maneno na miondoko yake vilikwenda kinyume na maadili ya Kizanzibari. Kendwa, kwa asiyepafahamu, ni pwani ya mahoteli. Kila mwezi ukipevuka hupigwa muziki wa kukesha pale mchangani, wageni wamevaa nguo za kuogelea, baa iko wazi na kiingilio kinakusanywa getini. Maadili yalikuwa likizo mpaka binti wa hapohapo aliposhika maikrofoni.

Sikukaa kuandika ili nimtetee Zuchu. Ana lebo, ana jina, ana mamilioni wanaomfuata mtandaoni, na kutopanda jukwaa Unguja kwa nusu mwaka hakukumlaza na njaa. Kinachonisumbua ni namna tunavyomtazama mwanamke wa jukwaani: jicho letu huanzia kiunoni na kuishia kiunoni. Wanaomlaani wamekodolea kiuno. Wanaomtetea, wale wa "mwili wake, uamuzi wake", nao wamekodolea kilekile. Wamegombana miaka nenda miaka rudi, na muda wote huo hakuna aliyegeuka kumwangalia aliyetunga wimbo, aliyechagua nguo, aliyehesabu pesa za mlangoni na aliyebaki na karatasi yenye sahihi. Mimi naona habari yote iko kwa hao. Nani anaamrisha mwendo, na nani anashika pesa? Na ukitaka jibu lisilopakwa rangi, usimuulize nyota aliye mbele. Muulize mnenguaji wa safu ya nyuma.

Lakini kwa kuwa kiuno ndicho kinachopigiwa kelele, tukianze hicho tukimalize. Kukata kiuno hakukuletwa na YouTube. Pwani yote, bara ya karibu na visiwani, mwari hufundwa, na katika anayofundwa kiuno kimo. Bi Kidude, ambaye dunia ilimjua kwa taarab na kumpa tuzo ya WOMEX, maonyesho ya muziki wa dunia, mwaka 2005, kwa akina mama wengi wa Unguja alikuwa kwanza mtu wa unyago. Alipiga msondo na kufunda wari miaka mingi, tena hadi uzeeni, wakati rika lake lilikwisha kukaa kibarazani kusubiri kupelekewa chai. Alifariki Aprili 2013, na hakuna baraza lililowahi kumfungia kwa yale aliyokuwa akiwafundisha mabinti za watu uani. Na kule uani, wanaume wakishafukuzwa, mwendo ni uleule tunaoufungia leo, pengine mkali zaidi.

Tofauti ni mwenye amri. Ndani ya unyago amri ni ya kungwi. Yeye husema nani acheze, acheze mpaka wapi na mbele ya nani. Yeye hulipwa na wazazi wa mwari, na mtaa humheshimu hata kama unamwogopa. Sipambi: mwari hakuulizwa kama anataka kufundwa, na sehemu kubwa ya somo lile ilikuwa namna ya kumridhisha mume. Mtu anaweza kuuita huo ukandamizaji na nisimbishie sana. Ila mamlaka ya mwendo yalikuwa mkononi mwa mwanamke, na ujira wake pia.

Mwendo ulipotoka uani ukapanda jukwaani, kungwi hakupanda nao. Nafasi yake ilichukuliwa na kiongozi wa bendi, kisha promota, kisha meneja, na siku hizi mwongozaji wa video. Mombasa ngoma ya chakacha ilipita njia hiyohiyo: ilitoka kwenye harusi, wanawake kwa wanawake, ikaishia kuwaburudisha watalii mahotelini kabla ya chakula cha jioni. Mwimbaji Zuhura Swaleh aliichukua akaitia kwenye taarab yake kwa masharti yake mwenyewe, na ikapendeza. Wachezaji wa hotelini masharti waliyakuta yameshaandikwa.

Historia yetu ya mwanamke kuimba mbele ya watu huanza kusimuliwa kwa Siti binti Saad, na nadhani tunaisimulia vibaya. Tunapenda kisa cha msichana wa Fumba aliyetembeza vyungu, akaingia mjini, akafika Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kufanya hivyo. Kisa kitamu. Hata hivyo waliokuwa naye mjini hawakumpokea kwa vigelegele. Walimtungia kijembe kilichobaki midomoni mpaka leo, kwamba alikuja mjini na kaniki mwilini na lau si sauti angekula nini. Angalia kijembe chenyewe kinaanzia wapi: vazi na nasaba. Miaka karibu mia imepita na bado tunaanzia hapo.

Alichokifanya Siti kwa sauti yake ndicho kinachostahili kutazamwa zaidi ya safari ya Bombay. Katika wimbo "Kijiti" aliimba kesi ya kweli ya Unguja: mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam aliuawa, mwanamume aliyehusika akatorokea bara, na sheria ikawaangukia wanawake waliokuwa mashahidi, wakafungwa kwa mambo ya pombe. Mahakama ya kikoloni ilikuwa imeshafunga faili. Siti alilifungua tena kwenye baraza za watu, kwa Kiswahili, na kila aliyekuwa na gramafoni akaisikia hukumu nyingine. Wanawake wa wakati ule wasingeweza kuandika makala gazetini. Jukwaa ndilo lilikuwa gazeti lao. Huo ndio uwezo ninaousema, na hauna uhusiano wowote na urefu wa gauni.

Uwezo huo taarab imeulea kwa ustadi mpaka leo, ingawa umebadilika sura. Mpenzi wa taarab anajua kwamba nusu ya wimbo huimbwa na watazamaji. Chukua ukumbi wa Travertine pale Magomeni, enzi kikundi cha Jahazi kikijaza watu, ukae karibu na jukwaa. Mwimbaji amesimama na karibu haondoki alipo. Anayesogea ni mwanamke wa meza ya pembeni, gauni linametameta, noti ameikunja kwa urefu kati ya vidole viwili. Haendi ovyo. Anasubiri ubeti unaosema kile anachotaka fulani akisikie. Ukifika huo anainuka, anakwenda kwa madaha, noti iko juu, anazunguka kidogo ili meza anayoikusudia imwone vizuri, kisha ndipo anamtunza mwimbaji. Kwa dakika nzima wimbo umekuwa wake. Hakutamka neno, na hakuna balozi wa nyumba kumi anayeweza kumsuluhisha kwa kosa ambalo halikutamkwa.

Nakubali kwamba huu ni ustadi wa hali ya juu. Mwanamke ambaye nyumbani haruhusiwi kumjibu mtu ananunua sauti ya mwimbaji kwa noti na kujibu hadharani. Mwimbaji naye anajua kila ubeti una bei. Lakini kuna mawili yanayonikera. Kwanza, kijembe karibu kila mara kinamwendea mwanamke mwenzake: mke mwenza, shoga aliyegeuka, jirani mwenye choyo. Mwanamume aliyesababisha vita hayumo ubetini. Yuko nje anavuta sigara, au ndiye anayepiga kinanda. Pili, mcheza kwao hutunzwa, walisema wahenga, ila hawakusema tuzo inakwenda mfuko wa nani. Kila kikundi kina desturi yake: kwingine inaingia mfuko wa pamoja, kwingine mwimbaji anagawana na uongozi, kwingine anaondoka nayo. Ukitaka kujua hadhi ya mwimbaji ndani ya kikundi, fuata noti ile baada ya wimbo kwisha.

Miaka ya 1990 vita hivi vilipata kiwanja kikubwa. Tanzania One Theatre ya Kapteni John Komba ilikuwa na Khadija Kopa, aliyetoka Culture Musical Club ya Unguja. Muungano Cultural Troupe ya Norbert Chenga ilikuwa na Nasma Khamis, "Kidogo". Mji ukagawanyika kama Simba na Yanga. Wazee wa taarab asilia walilalamika kwamba muziki wa heshima umegeuzwa uwanja wa matusi, na wakawalaumu waimbaji wale wawili. Wachache walitazama tangazo la ukumbi: wanawake wawili wanapashana, vikundi viwili vinavyoongozwa na wanaume vinauza tiketi. Kadiri ugomvi ulivyokuwa mkali ndivyo foleni ilivyokuwa ndefu. Sisemi Khadija alitumiwa kama mwanasesere. Mwanamke yule alijua thamani yake, akajenga jina lililowashinda wengi waliomwajiri, na bado linasimama. Ninachosema ni kwamba ugomvi wa wanawake ulikuwa bidhaa, na bidhaa ina mwenye duka. Huyo Khadija, kwa asiyejua, ndiye mama mzazi wa Zuchu. Lawama ya maadili imerithiwa pamoja na sauti.

Tukija kwenye utunzi, mambo yanakuwa magumu zaidi. Nyimbo nyingi za taarab ya kisasa ambazo mwanamke anaimba "mimi" zimetungwa na mwanamume. Hata Congo ilikuwa hivyo. M'bilia Bel aliliza nusu ya Afrika kwa nyimbo za mwanamke aliyeachwa na aliyesalitiwa, na nyingi alizitunga Tabu Ley, aliyekuwa bosi wake na mume wake. Watu wengine husema basi sauti ile haikuwa yake. Mimi sikubali haraka hivyo. Mwanamke aliyekuwa akifua nguo Kisangani au Kigoma akisikia redio alisikia maisha yake, na aliyeyatoa ni M'bilia, kwa koo lake. Mtunzi anaweza kumiliki maneno asiweze kumiliki kilio. Tatizo ni kwamba kilio hakisajiliwi popote, maneno yanasajiliwa. Siku ya kugawana mirabaha, aliyelia na aliyeandika hawako foleni moja.

Na hapa nitaje jambo ambalo mashabiki wa rumba hulisahau: kabla ya Tabu Ley, M'bilia alikuwa mcheza shoo wa Abeti Masikini. Abeti alikuwa mwanamke mwenye kundi lake mwenyewe, aliyepanda jukwaa la Olympia ya Paris mwaka 1973, na wachezaji wake wa kike walikuwa na jina lao, Tigresses. Kutoka safu ile ya nyuma alitoka mwimbaji mkubwa kuliko wote wa kike wa Congo wa kizazi chake. Ukiangalia majukwaa yetu, safari ya kutoka unenguaji kwenda maikrofoni ni nadra mno, na sidhani kama sababu ni uhaba wa sauti.

Hapa Dar kuna kipindi mnenguaji alikuwa na jina. Bendi ya Twanga Pepeta ilipokuwa Twanga kwelikweli, ukumbi wa Mango Garden pale Kinondoni ukifurika, watu walilipa kiingilio kumwona Aisha Madinda na Lilian Internet kama walivyolipa kumsikia mwimbaji. Rapa aliwataja, mashabiki waliwaita, magazeti ya udaku yaliwafuata. Kampuni ya bendi, ASET, iliongozwa na mwanamke, Asha Baraka, katika biashara iliyozoea kuongozwa na wanaume, na jukwaani Luiza Mbutu aliimba na kushika uongozi wa bendi. Sitaki kujenga nadharia kubwa juu ya bendi moja. Kumiliki bendi hakumfanyi mtu malaika, awe mwanamke au mwanamume. Lakini haikuwa bahati tu kwamba pale ndipo wanenguaji walipotambulika kwa majina. Aisha Madinda alifariki Desemba 2014 na mji ulimlilia kama msanii, jambo ambalo wenzake wengi hawajalipata wakiwa hai.

Sasa rudi kwenye adhabu, uone zinamwangukia nani na kwa lipi. Mei 2016 serikali ilifungia video ya "Chura" ya Snura na kumzuia kufanya maonyesho. Januari 2021 BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, ilimfungia Gigy Money miezi sita na kumtoza faini ya shilingi milioni moja kwa vazi alilokuwa nalo jukwaani Dodoma. Wanaume nao hufungiwa, haki isemwe. Machi 2017 Ney wa Mitego alikamatwa kwa wimbo wake "Wapo". Desemba 2018 Diamond na Rayvanny walifungiwa kwa kuupiga jukwaani "Mwanza", wimbo uliokwisha pigwa marufuku. Lakini linganisha makosa. Mwanamume kaadhibiwa kwa alichosema, mwanamke kwa alivyoonekana. Linganisha na ukubwa wa adhabu pia: Ney aliachiwa kwa agizo la Rais, na kifungo cha "Mwanza", kilichotangazwa kuwa hakina kikomo, kilifunguliwa baada ya wiki chache. Mtu anayesema anaweza kubadilisha mstari mmoja na mambo yakaisha. Mwanamke anayeonekana atabadilisha nini?

Kwenye "Chura" kuna jambo ambalo lilinipita wakati ule, na lilinipita kwa sababu lilimpita kila mtu. Kilichowakera watu zaidi kwenye video ile kilikuwa miili ya wanenguaji. Nchi nzima ilijadili makalio yao kwa wiki kadhaa, mitaani na kwenye daladala, na nina hakika hakuna msomaji wa makala hii atakayenitajia jina la mmoja wao. Hakuna aliyeuliza walilipwa shilingi ngapi, nani aliwamwagia maji na kuwaambia wainame vile, kama walionyeshwa video kabla haijatoka, kama kuna aliyekataa na akaambiwa arudi nyumbani. Video ilipofungiwa, msanii alirekebisha kazi yake akaendelea na maisha. Wale wengine walibaki na picha zao mtandaoni milele, kwa malipo ya siku moja.

Miezi miwili baadaye, Julai 2016, mwanamuziki wa Congo Koffi Olomide alishuka Nairobi. Kamera za uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta zilimnasa akirusha teke kwa mmoja wa wanenguaji wake mbele ya askari. Alikanusha kwamba alimshambulia, lakini Wakenya hawakumsikiliza. Shoo ikafutwa na akarudishwa Kinshasa, ambako pia aliwekwa ndani siku chache. Vizuri. Ila jiulize: mtu anayefanya hivyo mbele ya askari na kamera za nchi ya watu, nyuma ya pazia la mazoezi mambo yakoje? Jibu la sehemu lilipatikana Ufaransa. Machi 2019 mahakama ya Nanterre ilimtia hatiani kwa kosa la kingono dhidi ya mmoja wa wanenguaji wake aliyekuwa na miaka 15 wakati huo. Desemba 2021 mahakama ya rufaa ya Versailles ilimfutia mashtaka ya kingono, lakini ikamtia hatiani kwa kuwazuilia wanenguaji wanne kinyume na matakwa yao, kifungo cha nje cha miezi 18. Kati ya hukumu hizo mbili, Novemba 2020, alikuwa Dar es Salaam ndani ya "Waah!", wimbo wa Diamond, na sisi tulicheza. Nami nilicheza, wimbo ni mtamu.

Kinachonigusa kwenye kesi ile ni kwamba mahakama haikujishughulisha na sketi. Iliuliza maswali ya mwajiri na mwajiriwa: mlikuwa mnaishi wapi, nani alikuwa na funguo, mngeweza kutoka mkitaka. Ndiyo maswali ambayo kwetu hayaulizwi, kwa sababu mnenguaji hatumhesabu kuwa mfanyakazi. Kwa wanaomhukumu ni malaya. Kwa wanaomhurumia ni mhanga. Kwa wanaomsifu ni malkia. Hakuna hata moja kati ya majina hayo matatu linalokuja na nauli ya kurudi nyumbani.

Toka nje ya ukumbi wowote wa dansi Dar saa tisa usiku uone. Mwimbaji ameondoka na gari. Wapiga vyombo wanafunga nyaya. Wanenguaji wako kwenye ngazi, jasho limekauka, wigi limetiwa kwenye mfuko wa rambo, viatu vya shoo vimevuliwa na ndala zimevaliwa, mmoja anabishana na bodaboda juu ya bei ya kwenda Mbagala, watatu wanahesabu kama pesa inatosha kuchukua bajaji moja. Mazoezi ya mchana Jumanne na Jumatano hayalipwi. Anayelipwa ni mwili wa Ijumaa na Jumamosi, na bosi akisema mlango haukuwa mzuri, posho inakatwa. Ukiumwa goti hakuna posho, na goti la mnenguaji ndilo ghala lake la chakula.

Najua jibu litakalokuja, kwa sababu huja kila mara: si wamependa wenyewe? Ndiyo, wengi wamependa. Siwezi kumdharau binti aliyetoka kwao akijua anachokitafuta, anayependa kucheza, anayelipa kodi ya chumba na ada ya mdogo wake kwa kazi anayoijua vizuri kuliko mimi ninavyojua yangu. Wanaomwita mateka kwa sababu tu anatikisa kiuno wanamtukana mara ya pili. Lakini mtu kupenda kazi hakumpi mwajiri ruhusa ya kutomlipa. Mwalimu kapenda kufundisha, daktari kapenda kutibu, na wote wana mikataba. Hoja ya "kapenda mwenyewe" huletwa kwa wanawake wa jukwaani tu pale mtu anapotaka kukwepa kuzungumzia malipo.

Na wasanii wenye majina wasijione wamevuka. Saida Karoli alitoka Bukoba na Kihaya chake, na "Maria Salome" ikachezwa na watu ambao hawakuelewa hata neno moja. Miaka kumi na mitano baadaye, mwaka 2016, Diamond na Rayvanny waliijenga "Salome" juu ya wimbo ule na ikazunguka Afrika. Saida mwenyewe ameeleza kwenye mahojiano kwamba umaarufu wake haukumletea pesa iliyolingana nao. Hakuna aliyewahi kumlaumu Saida kwa vazi. Alijifunga kitambaa chake, alicheza ngoma ya kwao, alikuwa mfano wa maadili ambao mabaraza yetu yangependa kuuning'iniza ukutani. Maadili hayakumlinda. Upande wa pili kuna Lady Jaydee, ambaye alianzisha bendi yake, akaajiri wanaume wampigie vyombo, akaimba "Wanaume kama Mabinti" na akaamua mwenyewe lini apande na lini ashuke. Alirushiwa maneno kama wengine wote. Tofauti yake na Saida haikuwa kwenye nguo.

Sheria tunazo. Ya Baraza la Sanaa la Taifa ni ya mwaka 1984, ya hakimiliki ni ya mwaka 1999. Baraza linasajili wasanii na linatoa vibali. Linaweza kuzima shoo kwa sababu ya sentimita za sketi, na limewahi kumfungia msanii kwa vazi. Sijasikia shoo iliyozimwa kwa sababu wanenguaji hawakuwa na makubaliano ya maandishi, au kwa sababu mmoja wao hakuwa ametimiza miaka 18. Anayeomba kibali angeweza kutakiwa kuambatanisha ukurasa mmoja tu: majina ya wanaocheza, umri, kiasi watakacholipwa, nani kanunua sare, watarudi nyumbani kwa usafiri gani. Kwenye video uongezwe mstari mmoja zaidi, kwamba mchezaji ameona picha zake kabla hazijatoka.

Wenye bendi watasema hilo litawamaliza. Dansi lenyewe linapumulia mashine, kumbi zimegeuzwa makanisa na maghala, mlango wa Ijumaa haulipi hata umeme. Ni kweli, na sina jibu jepesi la namna ya kuwarudisha watu ukumbini. Ila malipo ya mpiga solo hayajawahi kuitwa anasa hata mlango ukiwa mbaya namna gani. Bendi isiyoweza kulipa wanenguaji wanane ipande na watatu.